Ukuta wa Chumba cha Mzazi

Vijana wangu wa karakana, siku mliyoniaga mliniambia niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti kwamba vyeo sitavitaja na mshahara msiniulize, maana vyote viwili vilikuwa vifupi. Nitaandika habari za unyevu, kwa sababu ndio ulionilisha, na ndio ulionitia hofu kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Anayemwona fundi wa kuta za zamani akikwangua lipu polepole hudhani hii ni kazi ya watu wapole. Mimi kuna siku niliifanya huku ukuta unaanza kushuka juu yangu.

Nilianza chini ya Mzee Saidi, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa mwashi mkuu hapa Sakina, Arusha. Siku ya kwanza nilifika na mwiko mpya na ovaroli iliyopigwa pasi. Hakunipa hata ndoo ya kubeba. Alinipeleka kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa na walowezi, akanionyesha ukuta uliokuwa ukitoa unga mweupe karibu na sakafu, akasema, "Lamba."

Nikadhani ananipima akili. "Mzee, nilambe ukuta?"

"Wewe umekuja kutibu. Mgonjwa hasemi. Lamba."

Nikalamba. Ilikuwa chumvi yenye uchungu kidogo, ya kukumbusha magadi. Akanieleza kwamba maji ya mvua yakipenya kutoka juu huacha doa tu, lakini haya yalitoka ardhini, yakapanda ndani ya tofali, yakafika kwenye hewa yakakauka na kuacha chumvi yake hapo. Nyumba zile hazikuwa na kizuizi, yaani ile karatasi ya lami tunayolaza leo juu ya msingi kabla ya kupanga tofali la kwanza. Waliozijenga walitegemea chokaa. Lipu ya chokaa huacha ukuta upumue. Maji yanapanda kidogo, yanatoka, na nyumba inaishi. "Ukuta nao unatoka jasho," alisema Mzee Saidi, "usiuvalishe koti." Kisha akanituma dukani nikamnunulie sigara, na hayo ndiyo yakawa masomo yangu ya wiki ile.

Miaka hiyo saruji ilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kujuana. Nyumba za zamani zikasalimika kwa umaskini wetu, kwani tulizitia chokaa kwa kukosa kingine. Baadaye ikaja ruksa ya biashara huria. Malori yakaanza kupishana mpakani Namanga, maduka ya vifaa yakajaa, saruji ikawa kitu cha kwenda kununua na kurudi nacho. Watu waliokuwa wamenyimwa kwa muda mrefu waliitumia kama wanalipiza kisasi. Kila aliyepata nyumba ya matofali aliipiga lipu ya saruji ndani na nje, akamalizia na rangi ya mafuta inayong'aa. Siwacheki, hata mimi nilifurahi siku niliyonunua mfuko bila kumnyenyekea mtu. Ila maji ya ardhini hayakupata habari za ruksa. Yalipofungiwa njia ya kutokea chini, yalipanda juu zaidi kutafuta nyingine. Mnaijua ile methali ya usipoziba ufa. Sisi wateja wetu wengi walikuwa wale walioziba nyufa zote.

Wakati huo Mzee Saidi alikuwa amesharudi Kondoa, na kazi za unyevu nikawa naletewa mimi. Mwezi wa tano mmoja, mvua za masika zikiwa bado hazijachoka, alikuja karakana kijana mfanyabiashara aitwaye Elinami. Alikuwa amenunua nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la kahawa, upande wa juu wa Usa River. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisimama mlangoni akizungusha funguo za lori mkononi.

"Fundi, ukuta wangu unalia. Nimepaka rangi kila Krismasi, bado unalia."

"Umepaka rangi ya mafuta?"

"Ile ya bei mbaya kabisa."

"Basi umeufunga mdomo ukalia puani."

Hakucheka. Aliniambia mkewe, Anna, amejifungua mtoto wa kike, na kifua cha mtoto kinabana. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mtoto yule akiendelea kulala kwenye chumba chenye ukungu, asitegemee kumwona akitambaa. "Na mke wangu hatoki kwenye hicho chumba," alisema. "Mama yangu amekataa."

Tulikwenda siku hiyohiyo, mimi na Mollel, fundi mwenzangu Mwarusha, mtu mwenye mikono ya chuma na maneno machache. Nyumba ilikuwa nzuri kwa mbali. Kwa karibu nilitamani kurudi nyumbani. Elinami alikuwa amemwaga kifusi kuizunguka yote ili malori yageuke uani, kwa hiyo udongo ulikuwa umepanda hadi juu ya sakafu ya ndani. Nyuma ulipita mfereji wa majirani waliokuwa wameacha kahawa na kulima maharage machanga ya kuuza nje, na kila ilipofika zamu yao ya kumwagilia maji yalifurika hadi kwenye msingi. Nje ukuta ulikuwa umepigwa saruji mpaka madirishani. Niliupiga kwa fundo la kidole nikasikia lipu ikilia utupu.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa dohani. Nyumba za baridi za walowezi zilikuwa na meko ndani ya ukuta na bomba la moshi la matofali linalotoka juu ya paa. Dohani lile lilisimama juu ya ukuta wa chumba kilekile cha mzazi, na kando yake ulipanda ufa mbichi. Ufa wa zamani huwa na vumbi na utando wa buibui. Ule ulikuwa safi, wa juzi.

Nikaenda mlangoni kwa chumba, nikabisha. "Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba," ikajibu sauti nyuma ya pazia la kitenge. "Ishia hapo hapo."

Huyo alikuwa Mama Elinami, aliyeshuka kutoka Machame kumlea mkwe wake. Mjue kwamba kwa Wachaga, na kwetu Wameru si mbali, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani kama miezi mitatu. Hupikiwa mtori wa ndizi na nyama, hunyweshwa maziwa, hafanyi kazi, na wanaume wa nje hawaingii alipo. Siku zake zikitimia hutolewa kwa vigelegele, amependeza na kunenepa, akaenda sokoni watu wamwone. Mama Elinami alikichagua chumba kile kwa sababu ya meko, ili mzazi na mtoto wapate moto. Aliuwasha mchana kutwa, bila kujua kwamba joto lile lilikuwa linayavuta maji ndani ya ukuta na kuyaleta upande wa kitanda.

Nilimweleza kuhusu unyevu na kuhusu ufa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa Kimachame, ambacho Mmeru hukisikia nusu na nusu hukibahatisha, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nisijifanye sikuelewa.

"Mimi nilitolewa. Nyumba ya mume wangu ilivuja, mashemeji wakasema tumhamishe mzazi. Wakanibeba kwenye mvua na mtoto wangu wa kwanza kifuani. Tulifika kule tulikokuwa tunakwenda mimi nikiwa hai peke yangu. Huyu mtoto wa Elinami ana jina langu. Hatatolewa kwenye mvua."

Nyuma yake nikamsikia mtoto. Pumzi zake zilikwaruza zikiingia na kupiga filimbi zikitoka. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani.

Mollel alinivuta pembeni. "Tuondoke," alisema. "Ukuta huu hatuwezi kuushika upande mmoja tu."

Alikuwa sahihi. Ukuta unaobeba mzigo hushikwa pande zote mbili unapokatwa chini, na sisi upande wa ndani tulikatazwa. Lakini ufa ulikuwa unakua wenyewe. Tukiondoka, dohani lingeshuka bila sisi, na kabla ya hapo unyevu ungekuwa umemmaliza mtoto. Nikamwambia Mollel ukuta ni mnene, wa matofali mawili. Tutakata nusu ya nje tu, kipande kifupi kifupi, tukiruka, tulaze karatasi ya lami, tujenge, tungoje ishike, ndipo tuhamie kipande kingine. Nusu ya ndani itabeba. Akaenda kuchukua tindo.

Palibaki suala la macho. Lazima mtu auone ukuta ukiwa unakatwa, na upande wa hatari ulikuwa ule tusioweza kuuona. Nikachukua kipande chembamba cha kioo, nikakipitisha chini ya pazia pamoja na plasta kidogo kwenye bakuli.

"Mama, kigandishe kwenye ufa, kichwa huku na miguu kule, juu ya meko. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kitakatika. Mimi nikigonga, wewe uniambie kama ni kizima."

"Kwa hiyo mimi ndiye fundi wa ndani."

"Ndiyo, mama."

"Na mshahara?" Kwa mara ya kwanza nikasikia tabasamu kwenye sauti yake.

Tulianza kwa kuondoa kifusi na kuwaomba majirani wahamishe mfereji, jambo walilolikubali upesi walipoelezwa kuna mtoto. Kisha tukabandua saruji. Ilitoka mabamba makubwa, na nyuma yake matofali yalikuwa meusi, yanatiririka. Tukakata mwisho wa kulia wa ukuta, tukakata mwisho wa kushoto. Kila tofali lilipotoka niligonga mara mbili kwa mpini wa nyundo, na ndani Mama Elinami akajibu, "Kizima!" Nilianza kuizoea sauti ile. Hata Elinami, aliyekuwa akizunguka uani akiuliza tutamaliza lini, alipoisikia alikuwa anashusha pumzi.

Wakati huo tulikuwa bado kwenye mapafu ya ukuta. Moyo wake ulikuwa chini ya dohani.

Asubuhi tuliyofika hapo mvua ilikuwa manyunyu. Nilimwambia Mama Elinami azime moto na akisogeze kitanda mbali na meko. Moto aliuzima. Kitanda alisema kimesogezwa, na sikuwa na njia ya kuhakikisha. Mollel alikuwa amechukua jeki ya lori la Elinami na gogo la mti, akaviweka karibu na mlango, bila kusema ni vya nini.

Nikatoa tofali la kwanza. Nikagonga.

"Kizima!"

La pili. "Kizima!"

La tatu halikutoka kama tofali. Tindo lilizama ndani bila kelele, na kilichofuata mkononi kilikuwa tope jekundu. Nikaingiza vidole nyuma yake, mahali ilipopaswa kuanza ile nusu ya ndani iliyotubebea kila kitu, nikakuta nayo imelainika. Moto wa meko na chumvi vilikuwa vimeila miaka yote hiyo nyuma ya rangi ya bei mbaya. Juu yetu kitu kikasema *tak*, na vumbi jembamba likaanza kushuka kwenye ufa.

Nikagonga. Kimya.

Nikagonga tena. "Mama!"

"Kimekatika," akasema. Hakupiga kelele, alisema kama mtu anayetaja saa.

Mollel alikuwa tayari ameshika kabari, anazipachika kwenye tundu mojamoja kwa mkono, maana nyundo ingeutikisa ukuta. Mimi nikakimbia kuzunguka nyumba. Elinami alikuwa amefika mlangoni kwa chumba kabla yangu na amesimama, mkono kwenye pazia, hathubutu kulifungua kwa kumwogopa mama yake, wala kuondoka kwa ajili ya mke wake.

"Mama, tokeni," nikasema.

"Mvua inanyesha."

"Inanyesha."

"Ukuta utaanguka?"

Nilitamani sana kusema ndiyo, angetoka mara moja. "Sijui, mama. Naweza kuuwahi, naweza nisiuwahi. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

Nyuma ya pazia mtoto alikuwa anapiga filimbi yake. Nikasikia Anna, ambaye sikuwahi kumsikia hata mara moja, akisema, "Mama, mimi nitafanya utakavyosema." Hapo nilielewa uzito aliokuwa ameubeba yule mama mkwe. Ndani ukuta, nje mvua, na vyote viwili alikuwa amewahi kuvijua. Nilisikia kipande cha lipu kikigonga sakafu.

Pazia likafunguka. Mama Elinami alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alimpita mwanawe, akanipa mimi bunda la mablanketi. "Shika. Yeye ameganda," alisema, akimaanisha Elinami. Mikono yangu ilikuwa imejaa chokaa, chokaa inayounguza. Nikamkumbatia mtoto kwa viwiko, vidole nimevinyoosha mbali naye, nikatembea na ukuta wa varanda hadi kwenye jiko la mbao lililokuwa uani. Nyuma yangu walikuja Anna na Mama Elinami wakiwa wamejifunika mwavuli wa blanketi moja, hatua fupi fupi, kwa kuwa Anna alikuwa bado na mshono. Bibi alikuwa akiomba kwa sauti, na sidhani kama alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe.

Mollel hakungoja mtu amruhusu. Walipovuka kizingiti yeye aliingia na jeki na gogo. Nilipomfikia alikuwa amelala kifudifudi ndani ya meko, uso umejaa masizi, anapandisha jeki chini ya chuma kilichobeba dohani. Kifua cha meko kikaachia. Matofali yalimwagika yakavuka sakafu, na mengine yakaishia kwenye miguu ya kitanda, ambacho hakikuwa kimesogezwa. Dohani lilishuka upana wa kidole, likatua juu ya jeki, likakaa. Tulilala pale sakafuni sote wawili bila kuthubutu kukohoa.

Tulijenga nusu ya ndani upya kwa matofali makavu, tukalaza lami, tukamaliza ukuta wote. Tukapiga lipu ya chokaa ndani na nje, wala hatukuruhusu tone la rangi ya mafuta. Elinami alitaka tumalize kwa saruji "ili pawe imara". Mama yake alimtazama, naye akairudisha mifuko dukani.

Siku za mzazi zilihesabiwa kuwa zimevunjika. Mama Elinami akazianza upya kule kwenye jiko la mbao, na mwanawe akatafuta mbuzi wengine na ndizi nyingine. Kule hakukuwa na ukungu, na pumzi za mtoto zilipungua kukwaruza, lakini moshi wa kuni nao ukamletea kikohozi chake. Baridi ya mwezi wa saba ilipopenya kwenye mbao, filimbi ilirudi. Nilikuwa napita kila wiki kuupapasa ukuta kwa mgongo wa mkono. Kila wiki ulikuwa bado wa baridi, na kila wiki bibi aliniuliza kwa macho tu.

Jua la kiangazi liliposhika sawasawa nilimwambia, "Mama, mimi naona umekauka. Mrudishe mzazi."

"Mara ile ulisema hujui. Sasa unajua?"

"Kwa mkono wangu, ndiyo."

"Mkono haupumui," alisema. Akachukua kitanda chake mwenyewe akakiingiza mle chumbani, akakisukuma hadi kikagusa ukuta. Elinami alimkumbusha kwamba ana pumu, na kwamba chumba kibichi ndicho kilichomlaza hospitali mwaka uliopita kule Machame. Akajibu kwamba ndiyo maana. Akakataza meko yasiwashwe, akafunga mlango.

Asubuhi nilikuwepo mapema pamoja na Mollel, ingawa hakuna aliyetuita. Elinami alikuwa uani hajavaa viatu. Mlango ulikuwa umefungwa. Jua lilipanda juu ya migomba, bado umefungwa, na ndani hapakuwa na sauti yoyote. Anna alisimama kwenye kizingiti cha jiko, mtoto mikononi, akiutazama mlango ule. Elinami alibisha, akabisha tena kwa ngumi. Mollel alivua kofia. Mimi nilikuwa nimeanza kutafuta kwa macho ni wapi nitaingiza tindo kung'oa bawaba.

Mlango ukafunguka. Mama Elinami alikuwa na alama ya shuka shavuni na kilemba kimeenda upande, na amekasirika.

"Mnabomoa nyumba ya watu kwa nini? Nilikuwa nimelala." Akavuta pumzi ndefu hadi mwisho, akaitoa taratibu mbele yetu sote. "Mleteni mtoto."